Kirusi Kimebadilika, Sisi Je? Historia Fupi ya Homa ya Ini B Kanda ya Ziwa

Kuna kauli nimeisikia mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara zote tatu ilikuwa ukanda uleule wa dhahabu: Kahama, Katoro na Geita mjini. Inasema hivi: "Hicho kirusi cha ini kimeshabadilika, chanjo haikiwezi tena." Mmoja wa waliosema alikuwa muuza duka la dawa. Huyo ndiye aliyenitisha, maana watu wa kwenye makarasha wakiumwa huanzia kwake, hospitali inakuja baadaye sana.

Wadau, mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari, na shahada yangu haikunifundisha kusoma vinasaba. Lakini ukiitazama vizuri kauli ile utaona ni ya kihistoria. Inadai kwamba kitu kilikuwa hivi, halafu wakati fulani, kwa sababu fulani, kikawa vile. Madai ya namna hiyo tunaweza kuyafuatilia. Nimeyafuatilia kwa miezi kadhaa, nikisoma na kuuliza, na jibu nililopata ni hili: nusu ya kwanza ya kauli ni kweli, nusu ya pili si kweli, na katikati ya nusu hizo mbili kuna watu wanaokufa wakiwa na umri wa kusomesha watoto.

TUANZE NA KIRUSI CHENYEWE

Kwanza tusichanganye mambo. Homa ya ini B siyo homa ya manjano. Homa ya manjano inaletwa na mbu, na ndiyo ile tunayochanjwa tukitaka kusafiri nchi fulani. Homa ya ini B inapita kwenye damu na majimaji ya mwili: mama kwa mtoto, mtoto kwa mtoto, ngono, sindano, wembe. Macho kuwa ya njano kunaweza kutokea katika yote mawili, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Kirusi hiki ni kidogo hata kwa vipimo vya virusi. Maelekezo yake yote yameandikwa kwa herufi za kinasaba zipatazo 3,200. Za kwako wewe ni kama bilioni 3. Kwa kuwa kina maandishi machache, kinabana matumizi kwa namna ya ajabu: sehemu ileile inasomwa mara mbili, kila mara kwa kuanzia herufi tofauti, na kila usomaji unatoa protini yake.

Chukua neno ASALI. Ukianzia herufi ya kwanza unapata "asali". Ukianzia ya pili unapata "sali". Sasa ondoa S, weka M. Kwa kubadili herufi moja tu umepata "amali" na "mali". Maneno mawili yamebadilika kwa mpigo mmoja. Naomba uukumbuke mfano huu, tutauhitaji huko mbele.

Katika kirusi hiki, moja ya protini hizo ni kimeng'enya kinachokinakili kirusi, na hicho ndicho dawa zinakilenga. Nyingine ni ganda la nje. Ganda ndilo chanjo inaufundisha mwili kulitambua, na ndilo kipimo cha haraka cha damu kinalitafuta. Maandishi ya ganda yamelala yote ndani ya maandishi ya kile kimeng'enya. Ukigusa moja, unaweza kuwa umegusa na jingine.

Halafu kirusi hiki kinakosea kunakili. Wakati wa kujizalisha kinapitia hatua ya RNA na kurudi tena kuwa DNA, na kimeng'enya chake hakina uwezo wa kurudi nyuma kukagua. Ni gazeti lisilo na msomaji prufu. Kila siku ndani ya ini la mgonjwa mmoja zinatoka nakala mabilioni, nyingi zikiwa na makosa. Makosa mengi yanakufa hapohapo. Machache yanabaki, kwa sababu mazingira yameyapendelea. Na mazingira hayo, mara nyingi, ni sisi binadamu tunaoyatengeneza.

UKOO A NA NJIA ZA MISAFARA

Watu wengi wanadhani homa ya ini B ni ugonjwa wa juzi. Mwaka 2018 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba yamekipata kirusi hiki kwenye mifupa na meno ya watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita huko Ulaya na Asia. Mwaka 2021 jarida la Science likachapisha kazi kubwa zaidi: virusi 137 vya kale, vya zamani zaidi vikiwa na umri wa miaka kama 10,500. Kabla ya piramidi, kabla ya mtu yeyote kulima mahindi Usukumani, kirusi hiki kilikuwa kinatembea na binadamu.

Katika kutembea huko kimegawanyika katika koo, ambazo wataalamu wamezipa herufi: A, B, C, D na kuendelea. B na C ni wenyeji wa Asia ya Mashariki. Huku kwetu Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, unaotawala ni ukoo A, na hasa tawi lake linaloitwa A1. Ukoo D upo pia, lakini kwa uchache.

Sasa hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapokaa sawa kwenye kiti. Tawi la A1 linapatikana pia India na Brazil. Limefikaje huko? Mwaka 2013 Anna Kramvis wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na Dimitrios Paraskevis wa Athens walilinganisha vinasaba vya A1 kutoka mabara mbalimbali, na ramani waliyoipata inafuata njia za biashara ya watumwa: kutoka upande huu wa Afrika kwenda Asia kwa Bahari ya Hindi, na kwenda Amerika ya Kusini kwa Atlantiki. Watu walifungwa minyororo, wakaandikwa kwenye daftari la meli kama idadi tu, majina yao yakapotea. Kilichokuwa ndani ya damu yao hakikupotea. Makosa yale madogo ya kunakili yamebaki kama muhuri wa pasipoti.

Tukumbuke kwamba njia kuu ya misafara karne ya 19 ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikaishia Bagamoyo, na kwamba Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wapagazi wakubwa wa njia hiyo. Shinyanga na Kahama hazikuwa pembeni ya dunia. Zilikuwa karibu na barabara yake kuu.

SINDANO ZA WAKUBWA

Kirusi kilijulikana kwa makosa ya utabibu wenyewe. Mwaka 1883 mjini Bremen, Ujerumani, wafanyakazi wa bandari ya kujenga meli 1,289 walichanjwa ndui kwa majimaji yaliyotoka kwa watu wengine. Baada ya wiki na miezi, 191 kati yao waligeuka manjano. Waliochanjwa kwa majimaji mengine hawakuumwa. Hiyo ndiyo moja ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za ugonjwa huu kuandikwa kwa takwimu.

Mwaka 1942 ikaja kubwa zaidi. Jeshi la Marekani liliwachanja askari wake homa ya manjano kwa chanjo iliyochanganywa na majimaji ya damu ya binadamu ili isiharibike. Askari kama 50,000 walilazwa wakiwa na manjano. Miaka ya 1980 watafiti walirudi kuwapima wazee wale, wakakadiria kwamba walioambukizwa walifika 330,000. Wengi wao hawakuwahi kujua. Ugonjwa huu ndivyo ulivyo, mtu anaubeba miaka arobaini huku analima, anaoa, anacheza bao.

Aliyekipata kirusi hakuwa hata mtaalamu wa ini. Baruch Blumberg, Mmarekani, alikuwa anatafuta tofauti za damu kati ya jamii mbalimbali za dunia, na kwenye damu ya Mwaustralia mmoja mwenyeji wa asili akakuta protini asiyoielewa. Aliitangaza mwaka 1965. Baadaye ikabainika kwamba ile ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981, na mwaka 1986 ikaja inayotengenezwa kwa hamira, isiyotumia damu ya mtu kabisa.

Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1981 hadi 2002 ni miaka 21. Chanjo ilikuwepo duniani na watoto wa Shinyanga walikuwepo duniani. Kilichokosekana ni pesa, mpaka GAVI ilipoanza kusaidia nchi maskini kuinunua.

A1 HUPITA NJIA ZA PANYA

Turudi kwenye ukoo wetu, maana mabadiliko yake yana tabia ya peke yake.

Kirusi kikiwa kwenye nguvu zake hutoa kwenye damu protini ya ziada inayoitwa antijeni e. Mama mjamzito mwenye antijeni e, bila chanjo wala dawa, anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa kwa uwezekano mkubwa sana, hata 9 kati ya 10. Asiye nayo, uwezekano unashuka mno.

Mwaka 1989 wanasayansi waligundua, kwa wagonjwa wa eneo la Mediterania, kwamba kirusi kinaweza kubadili herufi moja, ya 1896, na kuzima kabisa utengenezaji wa antijeni e. Mgonjwa anapimwa, anaonekana ametulia, kumbe ini linaendelea kuliwa. Ukoo A kwa kawaida hauwezi kutumia mlango huo, kwa sababu herufi yake ya 1858 imefungamana na ile ya 1896, ukiibadili moja umbo zima linavurugika. Kwa hiyo A1 imepita njia za panya: inabadili herufi za 1762 na 1764, au zile za karibu na 1809 hadi 1812, na antijeni e inapungua mapema, mara nyingi mtu akiwa bado kijana.

Matokeo yake kwa afya ya jamii ni mawili. La kwanza, akina mama wengi wa huku wanafika umri wa kuzaa wakiwa hawana antijeni e, ndiyo maana Afrika maambukizi mengi hayatokei wakati wa kuzaa kama ilivyokuwa Asia ya Mashariki. Yanatokea baadaye kidogo, mtoto kwa mtoto, kabla ya kufikisha miaka mitano: vidonda, mikwaruzo, wembe mmoja wa kunyolea familia nzima, chale. Na umri ndio unaoamua kila kitu. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 kirusi kinakaa naye maisha yote. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, ni chini ya mara 1 kati ya 20, wengine mwili unakifukuza wenyewe.

La pili ni saratani. Mabadiliko yale ya 1762 na 1764 yanahusishwa na saratani ya ini sehemu nyingi za dunia. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2005 ulikuta kwamba wenye ukoo A walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 4.5 zaidi ya wenye koo nyingine, na waliipata wakiwa na umri mdogo kwa miaka 6.5. Ongeza na sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ambayo ikikutana na kirusi hiki inazidisha hatari hiyo, na utaelewa takwimu ifuatayo.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiyo inayopokea rufaa za Shinyanga, Geita na Kanda ya Ziwa nzima. Madaktari wake walichapisha mwaka 2014 taarifa ya wagonjwa 142 wa saratani ya ini. Umri wa kati ulikuwa miaka 42. Karibu theluthi mbili walikuwa na kirusi cha homa ya ini B, na wengi walifika ugonjwa ukiwa umeshaenda mbali. Miaka 42! Huo ni umri wa mtu ambaye kwa Bongo ndio kwanza amemaliza kupaua.

DHAHABU INALAUMIWA BURE, LAKINI SI BURE KABISA

Ukifika Rwamgasa, Nyarugusu au Mgusu utaambiwa ugonjwa wa ini ni "ugonjwa wa machimbo". Wengine watakwambia ni kurogwa, kwamba fulani alipata mali ya ghafla, tumbo likajaa maji, akafa. Nimekaa na wachimbaji wadogo pembeni ya maduara yao nikasikiliza hadithi hizo zaidi ya moja. Tumbo kujaa maji ni dalili ya ini lililokwisha kuwa kovu. Kirusi kinaweza kufanya hivyo, pombe inaweza, na vyote viwili vikisaidiana ndiyo kabisa.

Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Kisha miaka ya 1980 na 1990 serikali ilipolegeza masharti, wachimbaji wadogo walimiminika. Mwaka 1996 waliondolewa Bulyanhulu, wakasambaa kwenye rashi nyingine. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa, ikichukua wilaya kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kila hatua ilisogeza maelfu ya vijana wa kiume, na nyuma yao wafanyabiashara, mama lishe, wauza pombe, wahudumu wa baa.

Je, ni machimbo yaliyowapa kirusi? Kwa wengi, hapana. Rudi kwenye umri. Mchimbaji anayekufa kwa saratani ya ini akiwa na miaka 40, uwezekano mkubwa aliambukizwa akiwa na miaka mitatu, kijijini kwao, akicheza na binamu zake. Alikuja nacho kwenye duara kama alivyokuja na jina lake. Machimbo yalichofanya ni kumwongezea pombe kali, na kumweka mahali ambapo damu na ngono vinabadilishana haraka. Na mahali hapo palikuwa na kirusi kingine tayari.

PALE VIRUSI VIWILI VILIPOKUTANA

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, jirani kabisa na Geita. Miaka ya 1990 miji ya machimbo na barabara kuu, Kahama ikiwemo, ilikuwa imeshaumia. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa ARV bure. Ilikuwa ni ushindi mkubwa na sitaki mtu yeyote anisome vibaya hapa: dawa zile ziliokoa maisha ya watu wengi mno, wakiwemo wazazi wa wasomaji wangu.

Mchanganyiko wa mwanzo ulikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini. Katika hizo tatu, moja tu, lamivudini, inaua pia kasi ya kirusi cha homa ya ini B. Maana yake ni kwamba mtu mwenye virusi vyote viwili alikuwa anatibiwa VVU kwa dawa tatu na homa ya ini B kwa dawa moja, na mara nyingi si yeye wala muuguzi aliyejua, kwa sababu kipimo cha homa ya ini B hakikuwa sehemu ya kawaida ya kliniki za CTC.

Dawa moja dhidi ya kirusi kinachokosea kunakili kila siku. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 1999 ulishaonyesha kinachotokea: kwa watu wenye virusi vyote viwili wanaotumia lamivudini, ndani ya miaka minne karibu 9 kati ya 10 kirusi chao cha ini kilikuwa sugu. Badiliko linatokea kwenye namba 204 ya kile kimeng'enya.

Sasa rudi kwenye ASALI na AMALI. Badiliko kwenye kimeng'enya linaweza kuwa badiliko kwenye ganda. Watafiti wa Australia walionyesha maabara mwaka 2002 kwamba mchanganyiko fulani wa mabadiliko ya usugu wa lamivudini unabadilisha ganda kiasi kwamba kingamwili zinalishika kwa shida. Yaani dawa inaweza kuzaa kirusi ambacho, angalau maabara, kinaanza kuikwepa chanjo, ingawa hakijawahi kukutana na chanjo.

Hapo ndipo nusu ya kwanza ya kauli ya Katoro inapopata ukweli wake. Kirusi kinabadilika kweli, na tumekisaidia kubadilika.

Habari njema ni kwamba mlango huo umefungwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza watu wenye virusi vyote viwili wapewe tenofoviri pamoja na lamivudini, na katika miaka ya 2010 Tanzania ilihamishia wagonjwa wake wa VVU kwenye mchanganyiko wenye tenofoviri. Usugu wa kirusi cha ini dhidi ya tenofoviri ni nadra sana. Ajabu iliyobaki ni kwamba katika nchi nyingi za Afrika, kwa miaka mingi, mwenye VVU aliipata dawa hiyo bure, wakati mwenye homa ya ini B peke yake alihangaika kuitafuta kwa pesa yake. Kidonge kilekile, duka moja, bei mbili.

NA CHANJO JE?

Mwaka 1990 jarida la Lancet lilieleza kuhusu mtoto wa Italia aliyechanjwa vizuri lakini akaambukizwa na mama yake. Kirusi alichokuwa nacho kilikuwa kimebadilika sehemu moja ya ganda, namba 145. Dunia ikashtuka: chanjo imepata mpinzani. Aina hiyo pia inaweza kupita kwenye baadhi ya vipimo vya damu bila kuonekana, na hilo ni jambo la kuwakosesha usingizi watu wa damu salama.

Mahali pazuri pa kujibu swali hili ni Taiwan, kwa sababu walianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984 na wakaendelea kuhesabu. Kati ya watoto wenye kirusi, wale wenye ganda lililobadilika walikuwa karibu asilimia 8 mwaka 1984. Mwaka 1994 walikuwa asilimia 28. Mtu akikuonyesha namba hizo mbili tu, utakimbia. Lakini tazama upande wa pili: watoto wenye kirusi kwa ujumla walishuka kutoka karibu asilimia 10 hadi kama 1.3 katika miaka hiyohiyo kumi. Virusi vilivyobadilika havikuongezeka. Vya kawaida ndivyo vilivyofutwa, vile vingine vikaonekana vingi kwa sababu wenzao hawapo. Na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilipungua kwa karibu nusu. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia chanjo kupunguza saratani kwa binadamu.

Miaka zaidi ya thelathini tangu mtoto yule wa Italia, kirusi cha namba 145 hakijaiteka nchi hata moja. Chanjo inafanya kazi. Inafanya kazi Taiwan, na inafanya kazi dhidi ya ukoo A1 wa Shinyanga.

Kwa hiyo anayetuua si kirusi kipya cha ajabu. Anayetuua ni yuleyule wa zamani, wa njia za misafara, anayemkuta mtoto kabla ya chanjo au mtu mzima ambaye hajawahi kupima. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya wachangia damu wa Muhimbili: asilimia 8.8 walikuwa na kirusi hiki, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na VVU, asilimia 3.8. Mwaka 2015 ikaja ya wafanyakazi wa afya wa Bugando: asilimia 7 walikuwa nacho. Hao ni watu wanaoshika sindano kila siku.

WEWE ULIZALIWA LINI?

Swali hili si la siri za umri. Kama ulizaliwa Tanzania kabla ya mwaka 2002, kama mimi, basi hukupata chanjo hii utotoni kwenye kadi ya kliniki. Ulipita miaka yako mitano ya hatari bila ngao. Wengi wetu tunaosoma maandiko kama haya, wenye shahada, simu kali na bima, tuko kwenye kundi hilo.

Waliozaliwa baada ya 2002 walipata ngao, lakini ilianza wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, ikiwa imechanganywa na chanjo nyingine. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2009 kwamba dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na GAVI ilisubiri hadi mwaka 2024 ndipo ikaanza kuzisaidia nchi kwa dozi hiyo. Miaka 15 tena. Naona tuna tabia ya kuchelewa kwa vipindi virefu.

Kupima ni tone la damu. Usipokuwa nacho, chanjo ya mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ukiwa nacho, hujahukumiwa kifo. Wengi hawahitaji dawa siku hiyohiyo, wanahitaji kufuatiliwa, na wanaohitaji wanameza kidonge kimoja kwa siku. Mjamzito mwenye kirusi kingi anaweza kupewa tenofoviri ili mtoto asipate. Na hakiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, wala kukaa siti moja ya daladala, kwa hiyo anayemtenga mwenzake kwa sababu hiyo anaonea tu.

Kirusi kina herufi 3,200 na hakina akili. Kila badiliko lake lililotuumiza, ukilifuatilia nyuma, unakuta uamuzi wa mtu: aliyesafirisha watu kama bidhaa, aliyetumia majimaji ya damu bila kuuliza yametoka wapi, aliyetoa dawa bila kupima, aliyeona miaka 21 si mingi. Hayo ya nyuma hatuwezi kuyabadili. Lakini tarehe yako ya kuzaliwa unaijua, na maabara iliyo jirani unaijua. Jumatatu wanafungua asubuhi.